Kigoma, nyumbani kwa samaki anayesusa chakula cha dukani

UKISIKIA watu wanasema Kigoma mwisho wa reli, usidhani ni maneno ya kijiweni tu. Reli ya Kati inatoka Dar es Salaam, inapita Morogoro, Dodoma na Tabora, inakula kilomita kama 1,250 hivi, halafu inafika mahali inakata. Mbele yako ni maji matupu. Ukitaka kuendelea, tafuta meli.

Na maji yenyewe si mchezo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 650, na pale penye kina zaidi ni mita 1,470 kwenda chini. Dunia nzima ni ziwa moja tu linalolishinda kwa kina, Baikal la kule Urusi. Tunaligawana nchi nne: sisi, Kongo, Burundi na Zambia.

Wageni wengi wanaofika hapa wana safari zao zinazojulikana. Wapo wa sokwe wa Gombe. Wapo wanaokwenda Ujiji kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Na wapo wajanja waliofuata dagaa, wanajaza magunia na kurudi zao Dar kufanya biashara. Safari yangu mimi ilikuwa ya namna nyingine na najua utacheka: nilikwenda kuulizia samaki mmoja anakula nini, na anakula saa ngapi.

Cheka, lakini nisikilize. Kuna mshkaji wangu wa Sinza anafuga samaki hao sebuleni, kwenye tangi la vioo la lita 700. Alianza na wanane. Wakati napanda treni walikuwa wamebaki sita, na dume lao kubwa tumbo lilikuwa limeingia ndani kama mtu aliyetoka wodini. Makopo ya chakula cha vidonge, cha bei mbaya, yalikuwa yamejaa kabatini. Hawakitaki. Wanachokubali ni kimoja tu, kisamaki kilicho hai, kinachokimbia.

Mshkaji akawa anawatuma vijana wa mtaani wamletee visamaki vya mtaroni. Hapo ndipo wale wawili walipokufa. Visamaki vya mtaroni vinakuja na minyoo, ukungu na maradhi yote ya mtaroni. Akahamia kwenye gapi wa dukani, na kila siku ikawa pesa inatoka mfukoni, mpaka shemeji yetu pale nyumbani akauliza kama samaki wanalipiwa na ada ya shule.

BONGE LA NUNDU

Anaitwa frontosa. Jina lake la kitaalamu ni Cyphotilapia frontosa, na aliyemwandika kwa mara ya kwanza ni Boulenger, mtaalamu wa samaki wa jumba la makumbusho la London, mwaka 1906. Frontosa ni Kilatini, ni kama kusema "mwenye paji kubwa". Ukimwona hutauliza kwa nini. Kichwani ana bonge la nundu, mwili mweupe wenye mistari mieusi iliyosimama wima, na mapezi yenye rangi ya buluu. Dume akikua anapita sentimita 30. Anatembea taratibu, hana papara, kama mzee wa mtaa anayekwenda kwenye kikao cha harusi akijua hawawezi kuanza bila yeye.

Duniani hapatikani kwingine isipokuwa ziwa hili. Wale wa upande wa Kigoma wana sifa ya kuwa na mistari saba, wakati ndugu zao wengi wa sehemu nyingine za ziwa wana sita. Ndiyo maana kuna Wajerumani na Wamarekani wasioijua Dodoma wala Mbeya, lakini ukiwatajia Kigoma macho yanawatoka. Wanaye sebuleni.

Biashara ya kuwapeleka Ulaya samaki wa mapambo wa ziwa hili ina umri wa kutosha. Upande wa Burundi alikuwapo Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, aliyehamia Bujumbura mwaka 1971 akawa anavua, anasafirisha na anaandika vitabu mpaka alipofariki mwaka 1990. Yupo samaki mmoja mdogo wa ziwa hili aliyepewa jina lake.

KIBIRIZI ALFAJIRI

Kaskazini kidogo ya mji kuna Kibirizi. Nenda alfajiri, usingoje jua. Mitumbwi inarudi, wanawake wanasubiri na mabeseni, kelele za bei zinaanza hata kabla chombo hakijagusa mchanga. Jua likitoka unakuta fukwe zinang'aa kama zimemwagiwa vipande vya kioo, kumbe ni dagaa wameanikwa.

Uvuvi wenyewe ni wa usiku. Siku ambazo hakuna mbalamwezi, wavuvi wanaingia ziwani jioni na taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Dagaa wanafuata mwanga, wanajikusanya chini ya taa, nyavu inawabeba. Migebuka nao wanawafuata dagaa, wanaingia humo humo. Mwezi ukiwa mpevu taa inakosa kazi, kwa hiyo watu wanakaa nchi kavu wanashona nyavu na kupiga soga.

Hilo liweke akilini, maana ndilo lililonifumbua macho. Kwenye ziwa hili, nani anakula na nani analiwa ni mambo yanayoendeshwa na giza na mwanga.

Baada ya kunywa chai nilimkuta mzee mmoja anakarabati mshipi. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu. Nikamtolea picha ya frontosa. Akaitazama kidogo tu, akasema huyo wanamfahamu, anapatikana penye mawe, kwenye kina, kwa ndoana, na wakati wake ni asubuhi mapema, jua halijapanda. Nilipomwambia kuna mtu Dar anamfuga ndani ya nyumba na kumlipia umeme, aliweka mshipi chini kabisa ili acheke vizuri. Alitaka kujua kama anaota naye ndoto. Kwake yeye huyo ni kitoweo, na tena si kitoweo cha kwanza. Bora kuhe, alisema, au mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo.

Kwa hilo la mgebuka wa mawese sina ubishi naye. Ukifika Kigoma ukaondoka bila kuula, hukufika.

CHINI YA MAWE

Mchana nilikwenda upande wa Katonga, kusini ya mji, ambako kuna fukwe ndogo zenye maji meupe kiasi kwamba unahesabu kokoto. Ukiazima miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, unatumbukiza uso tu na sinema inaanza. Samaki wa manjano, wa mistari, wa madoadoa, wanakwangua ukoko wa kijani kwenye mawe. Wengine wanalinda watoto wao, wanakufuata mpaka kwenye kidole kama mbwa wa geti.

Frontosa hata mmoja. Huyo haji juu kupiga picha na watalii. Makazi yake mara nyingi ni mita 20 au 30 kwenda chini, na zaidi ya hapo, kwenye miteremko ya mawe ambako mwanga umefifia na kila kitu kina rangi ya jioni.

Waliomfuata huko na mitungi ya hewa wameona jinsi anavyopata riziki, na mmoja aliyeeleza vizuri ni Ad Konings, Mholanzi aliyeandika sana kuhusu samaki wa maziwa yetu. Chakula chake kikubwa ni samaki wembamba wanaotembea kwa makundi makubwa, jamii ya Cyprichromis. Mchana hawakamati, wana mbio kuliko yeye. Lakini usiku wanashuka karibu na mawe kulala. Basi kunapoanza kupambazuka, wao bado wana usingizi, bwana mkubwa anapita taratibu kama mlinzi wa zamu, anafungua domo, kimya kimya mmoja hayupo. Jua likipanda, kazi imekwisha.

Sasa jiulize. Samaki wa namna hii umemweka Sinza. Saa mbili usiku taa inawaka, televisheni inapiga bongo fleva, watoto wanagonga kioo. Unamwaga juu ya maji vidonge vyekundu vinavyoelea. Atajuaje kuwa hicho ni chakula? Watu wanasema ana maringo. Maringo gani! Tangu azaliwe chakula kwake kina mkia, kiko mbele ya mdomo, na kinakuja wakati wa giza jepesi. Kidonge kwake ni takataka kama jani.

Na kabla ya hapo ana yake yaliyompata. Akiwa mita 30 chini anabanwa na mgandamizo mara nne ya huu wetu wa juu. Ukimpandisha haraka, hewa iliyo kwenye kibofu chake cha ndani inatanuka mara nne na hana pa kuitolea. Kwa hiyo wazamiaji wanaoijua kazi wanampandisha kwa vituo, anapumzishwa njiani, na inaweza kuchukua siku kadhaa. Wengine wanamtoboa kwa sindano kupunguza hewa, kazi ambayo ukikosea umeua. Halafu anawekwa kwenye mfuko wa oksijeni, anasafirishwa na njaa makusudi ili asichafue maji. Anafika mjini amechoka, ameogopa, ana maumivu. Halafu mtu analalamika kwamba hali.

SINZA, WIKI SITA

Niliporudi tulikaa na mshkaji tukapanga upya. Kwanza maji. Tanganyika ni maji magumu, pH yake inakaribia 9, na joto la juu ya ziwa liko kwenye nyuzi 25 au 26. Maji ya tangi yakiwa mbali na hapo, usihangaike na chakula. Tukapima, tukabadilisha theluthi moja ya maji, yaliyolazwa kwanza ili klorini itoke. Tukaangalia pia kama ni wagonjwa: choo cheupe kinachoning'inia kama uzi, kupumua haraka, kukaa pembeni peke yake. Samaki mgonjwa anatibiwa, hafundishwi. Hawa walikuwa wazima, isipokuwa dume lile lililokonda.

Pili, televisheni ikahamishwa. Hapo shemeji alinuna siku mbili.

Tatu, njaa. Siku nne bila kitu. Msomaji mwenye huruma usishtuke, frontosa mkubwa mwenye afya anavumilia wiki nzima na zaidi bila kudhurika. Wadogo hapana, hao usiwafungishe. Kwa dume letu tulikuwa na wasiwasi, tukakubaliana kwamba ikifika siku ya saba hajala anarudishiwa gapi.

Siku ya tano, saa kumi na mbili na nusu jioni, taa ya tangi imezimwa, imebaki ya barazani tu. Mshkaji alikuwa amenunua kamba pale Feri, wabichi, wasio na chumvi, akawamenya na kuwakata vipande vya ukubwa wa kucha. Siri ni hii: hukimwagi. Unaachia kipande kimoja mahali maji ya chujio yanapotokea, mkondo unakibeba, kinayumba na kugeuka kama kitu chenye uhai. Tulidondosha cha kwanza, kikapita. Cha pili kikapita. Cha tatu jike mmoja alikigeukia, akakifuata hatua mbili, akanyamaza. Halafu domo likafunguka.

Kelele tuliyopiga utadhani Simba na Yanga.

Wenzake wakaona. Samaki ni mtu wa wivu, akimwona mwenzake anatafuna anahisi anaibiwa. Siku hiyo wakala wanne. Dume halikula. Siku ya sita halikula. Siku ya saba mshkaji alitumia kijiti chembamba cha plastiki, akachomeka kipande cha kamba nchani, akakitembeza karibu na mawe ambako dume lilipenda kulala, polepole, kikisimama kikienda. Lilikitazama dakika nzima. Likakinyonya, kijiti kikatikisika. Gapi hawakurudi tena nyumba ile.

Ukifika hapo vuta subira, maana wengi ndipo wanapoharibu. Mtu anafurahi, anamwaga kamba wa kutosha familia. Kinachobaki kinaoza, kinatoa amonia. Na kwenye maji ya namna hii ya Tanganyika, yenye pH ya juu, amonia ni sumu kali kuliko kwenye maji ya kawaida. Samaki wengi wanakufa kwa huruma ya mwenyewe. Dakika kumi zikipita, mabaki yote yatoke.

Wiki ya tatu kidonge kikaingia kwa mlango wa nyuma. Kinachomekwa ndani ya kipande cha kamba. Dume likameza, likafikiri, likatema kidonge, likabaki na kamba! Fundi. Tukahamia kwenye kuloweka: vidonge vinalazwa nusu saa kwenye maji ya kamba waliopondwa, vinalainika, vinanuka kamba. Vinachanganywa, vipande vitatu kwa kidonge kimoja, zinapita siku chache, viwili kwa kimoja, hivyo hivyo kushuka. Wakitema usikate tamaa, kutema ni kuonja. Na viwe vidonge vya kuzama. Frontosa akizoea kula juu ya maji anameza hewa, anabaki anaelea tumbo juu.

Kuna ujanja mwingine wa kuleta mwalimu, yaani samaki mwingine aliyekwisha kuzoea vidonge, wageni wamwone anavyovishambulia. Unafanya kazi kweli. Mshkaji alileta watatu kutoka tangi la rafiki yake. Wawili walikuwa na urefu wa kiganja, wakafundisha vizuri sana. Wa tatu alikuwa mdogo kama kidole. Asubuhi darasa lilikuwa na walimu wawili.

Watu watauliza, kwa nini usiwape nyama ya ng'ombe, ya bei nafuu? Mafuta ya mnyama wa nchi kavu hayamfai samaki huyu, yanamjaa tumboni. Na samaki wa dhahabu wa kulishia? Hao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, ukimlisha hao kila siku unamdhoofisha huku anashiba. Dagaa wetu wakavu je? Wakioshwa mchanga na kulowekwa mpaka walainike, mara moja moja si vibaya, ila wenye chumvi usithubutu.

Mimi ningekushauri zaidi ya hayo: kama unaanza, usitafute frontosa aliyetolewa ziwani. Tafuta wadogo waliozaliwa kwenye tangi. Wa ziwani anahitaji kibali cha watu wa uvuvi kumvua na kumsafirisha, anahitaji mzamiaji anayejua kazi, na akifika ndiyo unaanza shule hii niliyokueleza. Wa kwenye tangi hajui Cyprichromis ni nani.

Wiki ya sita wote walikuwa wanakula vidonge vitupu, isipokuwa jike yule yule aliyekula kamba wa kwanza. Huyo alirudi nyuma. Vidonge hataki, kamba hataki, anakaa kwenye kona ya mawe amefumba mdomo. Mshkaji akaanza kuulizia gapi tena. Nikamwambia amtazame kidevu. Kilikuwa kimevimba, kimeshuka kama mtu aliyeficha andazi shavuni. Frontosa jike hutunza mayai mdomoni, na akisha kuyabeba anaweza kukaa mwezi na zaidi, mpaka watoto wawe wanaogelea wenyewe. Mdomo umejaa, atakulaje?

Aliachwa kwa amani. Alipowatema walikuwa kumi na tisa, kila mmoja na mistari yake kama sare ya shule, wakahamishiwa kwenye tangi dogo jikoni kwa shemeji. Mshkaji alisaga kidonge kwa vidole kikawa unga, akawanyunyizia saa saba mchana, redio inaimba, taa inawaka. Walikimaliza kabla hajafunga kopo.